Nani Anamaliza Chumvi

Jumatatu, 24 Februari

Nesi Bernadeta wa kliniki ya presha kanipa kazi ya kuandika: kila ninachokula na siku ilivyokwenda, mpaka mvua zikatike. Nilimwambia shule niliishia kidato cha pili na mwandiko wangu unafanana na dagaa walioanikwa. Akasema, "Andika hivyohivyo, nitavaa miwani." Haya, Nesi, umeyataka mwenyewe.

Naitwa Luhende. Miaka ishirini na tatu, mpishi wa mgahawa wa Shangazi Wilhelmina hapa Mabatini, na siyo mpishi wa kubahatisha. Mwezi wa saba mwaka jana nilikuwa na kilo mia moja ishirini na moja. Siku uliyonipima presha mara ya kwanza, Nesi, mzee mmoja kwenye foleni aliinuka akanipisha kiti. Leo nina kilo mia moja na moja. Napima kwenye mzani wa magunia kwa Mzee Iqbal, muuza mchele wa ng'ambo ya barabara. Kila nikipanda huwa anauliza, "Huu ni wa Shinyanga au wa Magugu?"

Nilichokula: chai kavu bila sukari, kiazi kitamu kimoja, ugali wa ukubwa wa ngumi, sato wa kuchemsha, mchicha sahani nzima. Jioni natembea kwa miguu mpaka nyumbani Buzuruga. Pale stendi nimenusa zege, chipsi zimegandamana na mayai, mafuta yanalia. Kunusa hakuongezi kilo.

Jumatano, 26 Februari

Shangazi anavuka kesho kwenda Sengerema kulima mpunga wake. Amenikalisha juu ya ndoo.

"Moshi umenila macho miaka kumi na tisa," akasema. "Nitarudi mwezi wa tano. Nitakaa pale mezani nile kama mteja mwingine. Nikiridhika, mwiko ni wako na mgahawa utauendesha wewe. Nisiporidhika namkodishia Dorcas."

Dorcas ana mgahawa mtaa wa pili. Akichukua hapa analeta wapishi wake, na mimi na Selina, dada anayehudumia mezani, tunaenda kuhesabu mawe ya Mwanza.

"Shangazi, nenda ukalale," nikamwambia. "Ulimi huu unajua chumvi kuliko samaki anavyojua maji."

"Ndiyo maana nakuachia. Unajua sheria. Sufuria moja, ulimi mmoja."

Sheria hiyo ni ya kwake tangu afungue. Aliyeshika mwiko ndiye anayeonja peke yake. Mwingine hatii hata kidole, maana wakionja watatu kila mmoja anatupia chumvi yake na mchuzi unakuwa wa kumtapisha ng'ombe.

Jumatatu, 3 Machi

Mzee Iqbal kafunga, Ramadhani imeingia. Keshokutwa Wakatoliki nao wanaanza Kwaresima, Selina mmojawapo. Mji mzima unafunga. Mimi niliwatangulia miezi nane.

Uliniuliza hamu zangu za chakula zimekaaje. Mwezi wa kwanza wa kujinyima nilikuwa naota zege. Naota kweli, naamka nimetafuna pembe ya shuka. Nilipoacha sukari kichwa kiliniuma siku tisa. Halafu ilipofika kama miezi minne nilikula kabichi, nikamfokea Selina kwamba katia sukari kwenye mboga. Alinitazama kama anatazama mtu aliyelala na homa. Ilikuwa kabichi tu. Tangu hapo kiazi kitamu kwangu ni keki ya harusi, na ninachotamani ni embe bichi na ukwaju, kama mjamzito. Obedi, mbeba magunia wa Mzee Iqbal, ananiuliza kila siku nitajifungua lini.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Nyanya zimeoza. Kopo la chumvi la mezani limeisha, na nililijaza Jumatatu. Zamani lilikuwa linakaa wiki mbili.

Jumatatu, 10 Machi

Kilo tisini na tisa. Narudia kwa herufi ili isomeke: TISINI NA TISA. Mzee Iqbal kalazimika kuondoa lile jiwe kubwa la mzani. Mkanda nimeutoboa tundu la tano kwa msumari wa moto. Nikapita mbele ya duka la kioo mara tatu. Mara ya tatu mwenye duka akauliza kama nanunua kitu.

Alhamisi, 13 Machi

Chumvi imeisha tena.

Selina kaja jikoni nikiwa naepua sangara. "Kaka Luhende, hebu onja tena."

"Nimeonja."

"Onja tu mara moja."

"Sufuria moja, ulimi mmoja," nikamwambia. "Au umeletewa mwiko na malaika?" Akachukua sahani zake akaenda.

Jumamosi, 15 Machi

Mteja kaniachia nusu chupa ya soda. Nimepiga funda moja. Ni dawa ya kikohozi kabisa, nikaitema. Miaka yote nilikuwa nakunywa tatu kwa siku na kuomba ya nne.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua tangu alfajiri, barabara imekuwa mto. Kopo tupu. Ndimu nazo zinakwisha, na pilipili.

Obedi: "Bonge, siku hizi unapikia wodi gani?"

Nikamjibu kwamba wivu haupunguzi kitambi, aende mzanini kama mwanaume. Watu wakacheka. Yeye alicheka zaidi ya wote, sikupenda.

Jumatatu, 24 Machi

Leo nimelimaliza suala la chumvi. Nimefikiri kama mpelelezi. Mimi chumvi nimekatazwa. Wateja ni walewale. Na mama yake Selina kule Igombe anatengeneza kayabo, wale sangara wanaolazwa kwenye chumvi kisha kuanikwa. Jibu lilikuwa linatembea mbele yangu na trei.

Nikamsubiri amalize kuosha vyombo.

"Selina, mama hajambo?"

"Hajambo."

"Kayabo zinaendelea?"

"Zinaendelea. Kwa nini?"

"Nasikia zinakula chumvi nyingi."

Akaweka sahani chini, moja, nyingine, zote sita. "Kaka, sema unachotaka kusema."

"Kopo linaisha kwa siku tatu. Mimi siligusi. Tumebaki wangapi humu?"

"Mama yangu ananunua chumvi kwa gunia," akasema. Sauti haikupanda hata kidogo. "Nimwibie kwa kijiko?"

Nikachukua kopo nikalitikisa, kana kwamba jibu limo humo.

"Sawa," akasema. "Kuanzia leo kabla sijaondoka nitaufungua mkoba wangu hapa mezani, uutazame wewe na wateja wako." Akaufungua. Kitana, rozari, nauli, kipande cha sabuni.

Nilikula maembe mabichi mawili na ugali nusu ngumi.

Jumanne, 25 Machi

Selina kafungua mkoba. Hakuna kitu.

Alhamisi, 27 Machi

Kafungua mkoba. Hakuna kitu. Kopo limeisha. Sufuria la maharage limebaki robo, la pili wiki hii. Nasema ni mvua, watu hawatoki. Lakini kwa Dorcas nimeona miavuli mlangoni.

Mzani umegoma kwenye tisini na saba, siku ya kumi na mbili leo.

Jumatano, 2 Aprili

Nesi, kaa chini kwanza.

Idd imepita, Mzee Iqbal karudi kula mchana. Kaingia na kanzu yake nyeupe, matone ya mvua mabegani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, bwana mdogo. Nipe sangara na wali. Mwezi mzima nilikuwa nakiota chakula cha nyumba hii."

Nikampakulia mwenyewe. Nikasimama pembeni na kitambaa begani kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Akatafuna tonge la kwanza. La pili akalitafuna polepole. Kisha akanyoosha mkono kuchukua kopo, akatikisa mara tatu, akaonja, akatikisa tena. Fundi cherehani wa meza ya jirani alikuwa ameshanyoosha mkono. Mzee akampa. Fundi akatikisa, akampa Obedi. Obedi akatikisa, akampa mtu wa mlangoni. Kopo lilipita meza kwa meza kama kapu la sadaka, na kila mtu akaendelea na mazungumzo yake, maana walishazoea. Mimi ninayesimama mbele ya sufuria siku nzima nimeipa meza mgongo, nilikuwa naliona leo kwa mara ya kwanza.

"Nimefungua," akasema Mzee Iqbal, "nimekuta chakula chako bado kimefunga."

"Mzee, saumu imekuharibia ulimi."

"Wangu ulipumzika siku thelathini umerudi mahali pake. Wako umehama." Akasukuma sahani kidogo. "Sikulaumu. Kilo ishirini na nne nimezishuhudia mimi mwenyewe mzanini. Ulifikiri zitaondoka tumboni peke yake? Ulimi nao ni nyama, Luhende."

Nikamjibu kitu cha kuchekesha. Sikumbuki nini. Hakucheka.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimekwenda kwa Dorcas nimevaa kofia ya mvua kama mwizi wa kuku. Nimeagiza maharage. Kijiko cha kwanza kimenichoma kinywa, ni kama nimelamba kayabo mbichi. Mzee aliyeketi karibu yangu akamwita mhudumu "mama" kwa Kisukuma, "Mayo, niongezee mchuzi, leo umetulia."

Nimetulia na mimi. Nimerudi kwa miguu na njia nzima nilikuwa nahesabu: tangu lini? Tangu ile kabichi, labda.

Selina kafungua mkoba jioni. Nilitaka kusema. Nikasema, "Kesho uwahi."

Jumamosi, 12 Aprili

Nimejaribu kupima chumvi kwa kijiko. Vijiko viwili kwa sufuria, nikasema hesabu haina ulimi. Lakini sangara wa leo siyo wa jana, nyanya za mvua zimejaa maji, mkaa mbichi unachelewesha mchuzi kukauka. Jumatatu chakula kibichi, chumvi haijakolea, Jumatano Obedi kanywa majagi mawili ya maji, jana kibichi tena. Wateja hawajui waje na chumvi yao au na maji yao.

Mkoba: hakuna kitu.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimepata akili. Ulimi ukihama unarudishwa kwa njia uliyopitia. Nitakula nilivyokuwa nakula, wiki moja tu. Nesi, kurasa zinazofuata unaweza kuruka.

Zege stendi ya Buzuruga, saa kumi na moja jioni. Nilifika nusu. Mafuta yaliniganda kaakaani kama nta. Nikalazimisha.

Jumanne, 15 Aprili

Zege, soda. Tumbo linanguruma kama pantoni.

Alhamisi, 17 Aprili

Zege, maandazi manne, chai ya vijiko vitatu. Lilishuka lote. Nyayo zimevimba kidogo.

Jumamosi, 19 Aprili

Hapa ndipo panaponitisha. Leo hakuna aliyenilazimisha. Saa nane mchana niko jikoni na kisu mkononi, zege limeniita kwa jina langu na la baba yangu. Miezi tisa nilikuwa nalifukuza mtaani kwangu, siku tano tu limerudi na godoro lake. Nimekula mawili.

Alhamisi, 24 Aprili

Kilo tisini na tisa na nusu. Mzee Iqbal hakuuliza Shinyanga wala Magugu. Alirudisha jiwe kubwa akatazama nje.

Kliniki, Nesi, ulikuwepo, lakini naandika. Presha mia na hamsini na tano kwa mia. Ulifungua mashine ukaniuliza, "Nani anakufa kwenu?"

"Hakuna."

"Basi usiharakishe kuanza."

Nilicheka mpaka nje ya geti. Nikakaa kwenye ukuta pale, kicheko kikaisha, na mimi nikabaki.

Ijumaa, 25 Aprili

Nimeacha. Chai kavu, kiazi, mchicha. Kichwa kinauma kama zamani. Nimeamua hivi: kama kupata mwiko lazima nirudi kilo mia na ishirini, mwiko autwae Dorcas. Ni rahisi kuandika. Selina yeye hajaulizwa.

Alhamisi, 1 Mei

Mvua kubwa, ziwa limepanda mpaka kwenye majani. Zege limeita mara mbili tu. Mkoba: hakuna kitu.

Jumamosi, 10 Mei

Shangazi kaingia saa saba mchana bila kupiga simu. Kanga ina tope la Sengerema mpaka magotini. Watu wamejaa, wanajikinga mvua zaidi ya kula. Akakaa meza ya katikati.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Umepungua mpaka unafanana na babu yako. Nipe ugali na sangara."

Nikapakua. Alikula matonge manne. Akanyoosha mkono kuchukua kopo, kumbe tupu. Akaligeuza chini juu, akaligonga mezani.

"Kopo hili nimelinunua mimi, najua linavyokaa. Nani anamaliza chumvi?"

Kabla sijafumbua mdomo, Selina alikuwa ameshaleta mkoba wake. Akaufungua mbele ya Shangazi, akatoa kimoja kimoja: kitana, rozari, nauli, sabuni. Akarudi nyuma mikono kaificha kwenye kanga.

"Hii nini?" akauliza Shangazi.

"Ndiyo desturi ya hapa siku hizi, mama," Selina akasema.

Sasa sikiliza, Nesi, maana hili sijivunii. Nilikuwa na mlango wazi. Ningekaa kimya tu, maneno yangekuwa ya wizi, si ya mchuzi. Shangazi angemfukuza Selina, angeniachia mwiko, na mimi ningetafuta wa kulaumu mwezi ujao. Selina alijua. Hakunitazama, alitazama mvua.

"Ni mimi, Shangazi," nikasema.

"Wewe unakula chumvi?"

"Sili. Ndiyo tatizo. Nimekaa miezi kumi bila chumvi ya maana, sukari wala mafuta, sasa ulimi unanidanganya. Kikiwa kibichi naona kimekolea. Wateja wanamalizia wenyewe kwenye sahani, ndiko chumvi inakokwenda. Selina aliniambia nionje tena nikamtukana. Halafu nikamwita mwizi. Siku arobaini na saba anafungua huo mkoba, na tangu siku ya kumi nilijua hakuchukua hata punje."

Obedi akaacha kutafuna. Hiyo peke yake ni habari.

Nikachukua jagi na beseni la kunawishia. Kwetu mpishi hanawishi mtu, hiyo ni kazi ya Selina tangu aanze. Nikavuta kiti. "Kaa, dada."

"Niache."

"Kaa. Mikono inaniuma kushika jagi."

Akakaa. Nikamnawisha mbele ya wote, mkono wa kulia, wa kushoto. Nikampakulia sangara sahani ya mteja. "Nisamehe, Selina. Na niambie ukweli wa hicho chakula."

Alikula taratibu, kama hana haraka na dunia. "Samaki ameiva vizuri," akasema mwishowe. "Hajavunjika. Ila ana kiu ya chumvi." Akameza. "Na wewe nimekusamehe nusu. Nusu nyingine nitakwambia."

Shangazi hakucheka. Alifuta mikono. "Sufuria moja ulimi mmoja niliisema nikiwa na ulimi. Dorcas anasubiri jibu langu Jumatatu jioni. Kesho Jumapili tumefunga mgahawa. Jumatatu mchana nitakaa hapahapa."

Jumatatu, 12 Mei

Saa kumi na moja alfajiri tulikuwa tumeshawasha. Mimi nilikaanga kitunguu kwa macho na pua, hivyo havijahama. Magamba, nyanya, moto, kupindua samaki bila kumvunja, vyote vyangu. Ikafika chumvi, nikamkabidhi Selina kijiko.

"Nitie kidole?" akauliza.

"Tia hata mkono wote."

Akaonja, akaongeza, akaonja. Nikauma kitambaa changu cha begani nisimwamrishe. Kwa mtu kama mimi hiyo ni kilo mbili.

Shangazi alikula sahani nzima, akafuta mchuzi kwa tonge la mwisho. Mzee Iqbal aliagiza mara ya pili. Saa tisa mvua ilipungua, Shangazi akajifunga kanga.

"Napita kwa Dorcas kumwambia asinisubiri. Mwiko wa Luhende, chumvi ya Selina. Mkigombana nawafukuza wote wawili."

Ijumaa, 30 Mei

Wiki nzima hakuna mvua. Kilo tisini na nne. Presha unaijua, Nesi, ulitabasamu ukajificha kwenye miwani. Daftari ndilo hili.

Leo mchana Selina alikuwa juu ya sufuria la maharage, anaonja, anakunja uso, anaongeza, anaonja. Hana uhakika. Fundi na Obedi wanagonga sahani. Akachota kijiko akanisogezea mdomoni.

Nikaonja. Machozi yakanitoka. "Imezidi."

"Kidogo au sana?"

"Sana. Hii ni ya kumkausha sangara."

"Basi iko sawa," akasema Selina, akaepua.